Siku Kumi na Tano Nilizoziacha Ruziba

Jumanne, 18 Februari

Daftari hili nimepewa leo na Mademoiselle Joëlla wa ofisi ya wafanyakazi, na tangu nilipolipokea sijui niliweke wapi. Kiwanda chetu cha magodoro kinampa baba siku kumi na tano za konji, yaani likizo, mtoto wake akizaliwa. Ni utaratibu wa kiwanda chetu tangu mwaka 2022, na baba wa kwanza kuzichukua ni mimi, Massoudi, mtunza stoo. Picha yangu ipo kwenye ubao karibu na mlango wa chumba cha kulia: nimeshika barua ya konji, meno yote nje.

Sasa mkurugenzi wetu, Bwana Léonce, anataka kuzifuta siku hizo. Anasema wanaume wanazimalizia baa. Joëlla anazipigania.

"Monsieur Massoudi, madame anazaa mwezi wa tatu, si ndiyo? Chukua konji yako tena. Andika kila siku unafanya nini nyumbani. Halafu mwezi wa ine, siku ya familia, utasimama useme mbele ya watu. We njo mufano wetu."

Mfano! Nikasema ndiyo, nikashukuru, nikatoka.

Nitakayoandika humu sitampa. Konji ile ya 2022, Saliha mke wangu haijui mpaka leo. Kwa siku kumi na tano nilivaa ovaroli kila asubuhi, nikaaga, nikapanda basi la Ruziba kwa binamu yangu Uthmani anayetengeneza pikipiki. Nyuma ya karakana yake nilikaa nikicheza dame, ule mchezo wa vizibo vya chupa juu ya ubao, mpaka saa kumi na moja jioni. Bia situmii, na mwanamke mwingine sikuwa naye. Niliona haya tu. Hapa Buyenzi tunakaa familia tano kwenye ua mmoja, na mwanaume anayeonekana mchana akianika vitambaa vya mtoto hupewa jina ambalo halimtoki mpaka anazikwa. Kwa hiyo nikakimbia jina.

Alhamisi, 20 Februari

Mafuta hakuna mjini. Basi hakuna, nimetembea kwenda kazini na kurudi. Mvua imenikuta njiani mara zote mbili.

Jumapili, 23 Februari

Faruk wetu ana miaka miwili na miezi minne. Leo ameanguka kizingitini na kutoka damu mdomoni. Mimi nilikuwa karibu, hatua mbili tu. Nikanyoosha mikono. Akanipita kama ananikwepa, akavuka ua mzima akilia mpaka kwa Geneviève, jirani yetu aliyetoka Uvira, anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamkumbatia miguu. Geneviève akacheka, akaniambia, "Baba Faruk, usikasirike, ni mazowea."

Mazoea hayo najua yalianza lini, na leo nitayaandika niyatazame.

Faruk alizaliwa kwa kupasuliwa. Mama mkwe wangu, Bi Mwantum wa Gatumba, hakuweza kuja kumlea mzazi kwa sababu alikuwa kwenye eda, mumewe amefariki mwezi uliotangulia. Saliha akabaki peke yake chumbani na mshono wake. Siku ya kumi na moja aliona vyombo na vitambaa vimejaa, akaenda bombani kubeba maji kwa bidoni la lita ishirini. Mshono ukafunguka. Akanipigia simu. Simu ilikuwa pembeni ya ubao wa dame, na mimi nilikuwa nimebakiza vizibo viwili nimshinde Uthmani. Nikaona jina lake. Nikaigeuza simu kifudifudi. Akapiga mara tatu.

Geneviève ndiye aliyempeleka mpaka kliniki, Faruk mgongoni. Ndagala zake zilibaki uani, mvua ikazinyeshea zote.

Jioni nilirudi na ovaroli yangu safi. Nikasema, "Mukubwa anakataza simu kazini." Saliha, kitandani, akanishika mkono. Akanionea huruma. Akasema wakubwa hawana roho.

Jumapili, 2 Machi

Tumeanza kufunga. Saliha hafungi, tumbo limeshuka. Lakini magharibi ilipoadhiniwa aliinua mikono pamoja nami kabla sijatia tende mdomoni, akaomba dua yake ya kila Ramadhani tangu Faruk azaliwe: "Yarabi, ule mukubwa aliyeninyima mume wangu siku niliyokuwa natoka damu, umuonyeshe."

Nikasema Amin. Nifanyeje? Hii ni Ramadhani ya tatu naitikia Amin.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Mwantum amefika kutoka Gatumba na vifurushi saba, pilipili manga, na kinu chake mwenyewe kana kwamba Buyenzi nzima haina kinu.

Jumatano, 12 Machi

Msichana. Saliha kapasuliwa tena, wote wazima. Alhamdulillahi. Daktari alinipa karatasi nisaini, nikaishika juu chini, akaniuliza kama najua kusoma.

Joëlla amenipigia: konji itaanza kesho yake Saliha akishatoka hospitali. "Usisahau daftari!" Sijalisahau hata saa moja.

Jumapili, 16 Machi

Wamerudi nyumbani. Nimemwambia Saliha kwamba nina siku kumi na tano za kukaa naye. Akafungua macho.

"Tangu lini?"

"Wameanza sasa."

Uongo umetoka laini hata bila kukohoa, na nimefunga. Saliha akatabasamu. Akasema, "Kumbe dua inafika. Mungu amemugeuza roho ule mukubwa."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kandambili.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza ya konji. Naandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi Bi Mwantum alikuwa anachemsha maji ya kumkanda Saliha. Mimi nimekaa kwenye kigoda mlangoni. Wanawake wa ua wanapita, wananiangalia, wanaangaliana. Kwenye chumba cha mwisho anakaa fundi magari anaitwa Abdu, mdomo wake hauna breki. Akatoka na taulo shingoni.

"Massoudi, we njo ulizaa ao ni bibi yako?"

Ua ukacheka. Bi Mwantum naye akaja akaniambia kwa upole, maana ni mama mwenye adabu, "Mukwe wangu, hapa iko wanawake. Nenda kazini, baba. Utakuja jioni."

"Mama, nimepewa konji."

"Konji ya kufanya nini?"

Nikaingia ndani, nikavaa ovaroli. Saliha alikuwa amelala. Nikatoka mpaka kituo cha mabasi ya Ruziba, nikapanga foleni. Watu walikuwa wengi, mafuta hakuna, mvua ikaanza. Nilisimama pale saa mbili nzima, maji yakiniingia shingoni, na basi halikuja. Nikarudi nyumbani.

Joëlla akisoma hapa atadhani nilirudi kwa sababu nimebadilika. Hapana. Basi lingekuja, ningepanda.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya saba tangu azaliwe. Mtoto tumemwita Sakina. Akika tutafanya baadaye, Mungu akijalia.

Alhamisi, 20 Machi

Maji yameingia Gatumba. Jirani wa Bi Mwantum alipiga simu asubuhi: magodoro yanaelea, njooni mtoe vitu. Mama mkwe akafunga kilemba chake, akalia kidogo, akaenda. Saliha akataka kuinuka kumsindikiza, nikamrudisha kitandani. Bi Mwantum alipofika kwenye lango la ua alinigeukia.

"Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

Akasema, "Maji ya kumukanda, usiache ichemke sana," akaondoka na Abdu aliyejitolea kumpeleka kwa pikipiki. Abdu mdomo anao, lakini na petroli ya kuficha alikuwa nayo pia.

Nikabaki na mzazi, mtoto wa siku tisa, Faruk, mbabura ya makaa iliyozimika, na karai la vitambaa. Mahali pa kukimbilia hapakuwepo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepika uji wa mzazi. Nimefunga, siwezi kuonja. Nikatia chumvi. Baadaye sikukumbuka kama nimetia, nikatia tena. Saliha akanywa kijiko kimoja, akanitazama, akanywa cha pili, machozi yakamtoka, kumbe anacheka anashikilia mshono. "Baba Faruk, hii ni bahari ya Tanga?" Tanga hajawahi kufika wala mimi sijafika.

Nilimwita Geneviève, yeye hafungi, aonje wa pili. Kuanzia leo yeye ndiye ulimi wangu mpaka jua lizame.

Jumamosi, 22 Machi

Nimefua. Nimesubiri ua uwe mtupu, haukuwa mtupu hata dakika moja, na vitambaa vilikuwa vinaanza kunuka. Basi nikatoka navyo. Vitambaa kumi na vinne, nikavianika kimoja kimoja mbele ya macho ya watu wote. Abdu alipita na spana mkononi. Nilikaza uso nikisubiri lile jina.

Akasimama. Akasema, "Ile ya mwisho itaanguka, ukunje kwanza juu ya kamba." Akaonyesha. Kisha akaenda zake.

Nimekaa nikifikiri juu ya jambo hili jioni nzima. Jina nililolikimbia mpaka Ruziba halikutamkwa. Na hata lingetamkwa, lingekuwa na uzito gani? Lisingefika nusu ya bidoni la maji.

Jumatatu, 24 Machi

Naanza kujua vitu. Sakina akikunja kidole gumba ndani ya ngumi, ana njaa. Akikunja miguu, ni tumbo. Saliha hawezi kuinuka kwa kukaa wima, lazima ageuke ubavu kwanza, na mimi nimsukume mgongo. Maji ya kumkanda nikitia kiwiko naweza kuhesabu mpaka tano, yanatosha. Jeraha linafunga vizuri, muuguzi amesema. Ameuliza nani anamhudumia. Saliha akasema, "Huyu," akanionyesha kwa kidevu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisifia kitu chake.

Mchana Faruk alikuja na kiatu kimoja mkononi. Geneviève alikuwa uani, mlango wazi, angeweza kwenda kwake. Akasimama mbele yangu akaninyooshea kile kiatu. Nikamvisha. Akaenda akaleta cha pili.

Mambo haya yote yalikuwepo 2022. Nilipewa bure, kwa barua yenye muhuri. Nimeingia msalani nikalia huko.

Jumatano, 26 Machi

Leo lazima niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Saa tisa alasiri Joëlla alikuja kututembelea bila kutangaza. Kiwanda huwapa wafanyakazi wake godoro dogo la mtoto, naye alilileta mwenyewe, limefungwa nailoni, chini ya mvua. Lile la Faruk nililileta mimi 2022, na Saliha alisema wakati ule, "Wamekunyima siku, wamekupa godoro." Nilikuwa naosha masufuria nilipomwona langoni. Nilitamani ardhi inimeze, naapa.

Akaingia, akavua viatu, akapiga goti kidogo kumsalimia mzazi kama desturi. "Félicitations, mama, hongera. Mi naitwa Joëlla, ni wa bureau ya wafanyakazi."

Saliha alikuwa amekaa na mtoto kifuani. Hakumwambia karibu. Hakumwonyesha kiti. Mke wangu, ambaye hata mwombaji wa mlangoni humpa kwanza kiti, kisha maji!

"We njo unatoaga ruhusa?"

"Ndiyo, mama. Ni miye."

"Basi nikuambie kitu, mademoiselle, na unisamehe, juu nimeiweka siku mingi. Ule mutoto mukubwa, Faruk, nilipomuzaa nilipasuka hapa, nikaita mume wangu mara tatu. Mulimukataza kushika simu. Muliniacha natoka damu kama mbuzi. Leo munaleta godoro. Nashukuru. Lakini mi nilikulaani, mademoiselle. Kila siku ya kufunga nilikulaani."

Joëlla alifungua mdomo. Akanitazama. Nilikuwa mlangoni, povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Yule dada aliiandika barua yangu kwa mkono wake. Ni yeye aliyenipiga ile picha. Aliona yote usoni mwangu, yote, kwa kuangalia mara moja.

Akafunga mdomo. Akamgeukia Saliha, akainama.

"Munisamehe, mama. Pardon."

Akaliweka godoro ukutani, akavaa viatu vyake vilivyolowa, akaenda. Hakuniangalia tena.

Mtu ameomba msamaha kwa kosa langu, ndani ya nyumba yangu, na mimi nimesimama namtazama. Sijawahi kuona aibu kama ile. Ilikuwa inawaka masikioni kama nimepigwa.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa. Tende ilikuwa kwenye sahani. Saliha akainua mikono: "Yarabi, ule mukubwa..."

"Saliha, acha," nikasema. "Usimalize."

Nikamwambia. Nilianza na barua, nikaenda na ovaroli, basi, Ruziba, Uthmani, ubao. Sikuruka kitu. Alinisikiliza akimpigapiga Sakina mgongoni, polepole, hakuacha hata mara moja. Nilipofika kwenye simu, mkono ule ukasimama.

"Uliona ni miye?"

"Niliona."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

"Halafu ukafanya nini?"

"Niliigeuza."

Nje mvua ilikuwa imekatika, nasikia watu wanafuturu, vijiko vinagonga vikombe.

"Na ule muchezo," akasema, "nani alishinda?"

Ningetaka kusema Uthmani.

"Mimi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa. Akageuka ubavu, akaukabili ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali hakutaka nimsukume mgongo.

Alhamisi, 27 Machi

Hajasema neno. Uji ameunywa.

Ijumaa, 28 Machi

Hajasema.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kwa Geneviève. Nilimwambia nina deni la kumweleza kitu. Alikuwa anachambua ndagala kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Kama ni ya Ruziba, mi najua."

Nikamuuliza anajuaje.

"Ndagala naichukuaga Ruziba, Baba Faruk. We ulisahau? Nilikuona mara mbili, na ovaroli yako, unacheza dame."

"Juu ya nini haukumwambia?"

Hapo akainua kichwa. "Nilizania wamekufukuza kazi. Nikasema huyu mwanaume amepoteza kazi, bibi amepasuliwa, anaona haya kusema, anajificha huko paka jioni. Ilinigusa roho. Njo maana nilikuwa naleta ile mboga kila jioni. Nilikuwa naogopa musilale njaa."

Nakumbuka ile mboga. Nilikuwa nalalamika chumvi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Siku ya mwisho ya konji. Bi Mwantum amerudi jana, nyumba yake imekauka nusu. Hajui kitu, au anajua, sielewi, amepitisha mkono kwenye mgongo wa Sakina, akakagua kitovu, akachungulia jeraha la mwanawe, akaniambia, "Umefanya." Kwa kinywa chake hilo ni pongezi kubwa. Saliha alikuwa anasikia. Sahani yangu ya pilau aliipakua mwenyewe.

Jumanne, 1 Aprili

Nimerudi stoo. Saa nane mchana simu ililia. Saliha. Nilikuwa juu ya ngazi na godoro la futi sita begani. Nililiachia, likaangukia maboksi ya mtu.

"Hallo! Nini? Mtoto? Jeraha?"

"Akuna kitu," akasema, akakata.

Jumatano, 2 Aprili

Saa nane. "Akuna kitu." Akakata.

Alhamisi, 10 Aprili

Kila siku anapiga, kwa saa tofauti. Leo nilikuwa mbele ya Bwana Léonce, anatukemea juu ya maboksi yaliyolowa. Nikaitika mbele yake. Akakunja uso mpaka miwani ikashuka. "Akuna kitu," kasema Saliha. Kichwani nilihesabu: sauti yake ilikaa kidogo zaidi ya jana kabla ya kukata.

Nyumbani tunaongea sasa, kuhusu chumvi, makaa, chanjo. Faruk analala na kichwa juu ya mguu wangu. Lakini Saliha ananitazama wakati mwingine kama mteja anayeshika kitambaa akitafuta tundu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Joëlla. Nimesema, mademoiselle, daftari sikuletei, na siku ya familia siwezi kusimama. Alikuwa anagonga kalamu mezani.

"Bwana Léonce anataka kuziondoa mwezi wa tano," akasema. "Kuna baba saba wanangojea. Mi siwezi kukulazimisha, Massoudi." Ameacha kuniita Monsieur.

Nilimweleza Saliha jioni, yote, sasa nimeshika adabu ya kusema yote. Akauliza, "Arobaini yangu inaisha lini?"

"Jumatatu inayokuja."

"Basi tutaenda."

Jumamosi, 26 Aprili

Siku ya familia. Turubai kwenye ua wa kiwanda, viti vya plastiki, Fanta na sambusa. Saliha amevaa kitenge cha bluu, ndiyo mara yake ya kwanza kutoka tangu azae. Mbele ya watu wote, kabla hata ya kukaa, alikwenda kwa Joëlla akamshika mikono miwili. Sikusikia walichosema. Nilimwona Joëlla akifuta macho na Saliha akimpa Sakina ambebe.

Kwenye ubao picha yangu ipo, meno nje. Nilisimama mgongo wangu ukiwa umeielekea.

Nilisema hivi, kwa kifupi, maana sauti haikuwa nzuri: "Mimi ndiye baba wa kwanza, picha yangu hiyo hapo nyuma. Zile siku za kwanza sikuzifanyia kitu. Nilikwenda kucheza dame Ruziba. Mke wangu akapasuka mshono. Hizi za pili nimekaa. Mtoto wangu mkubwa alikuwa ananikimbia, sasa ananiletea viatu. Mke wangu alipona kwa wiki tatu, ile mara ya kwanza ilikuwa miezi minne. Sina mengine."

Mmoja wa ghala akacheka, akaona yuko peke yake. Bwana Léonce akasimama, karibu afurahi.

"Munasikia? Mi nilisema nini? Huyu njo mufano wenu! Anakula konji, anaenda kucheza."

Nikajua nimeziua zile siku za baba saba kwa mdomo wangu. Niliangalia chini. Ndipo nikasikia sauti ya mke wangu, bado amekaa.

"Apana, mukubwa."

Akainuka taratibu, kwa kugeuka ubavu kwanza, mazoea.

"Ile konji aikukuwa ya kwake. Ilikuwa ya kwangu. Mulimupa yeye abebe, akaiangusha njiani. Sasa kama mutu umemutuma akaangusha, unamunyima mwenye kitu? Barua mutume kwa mama. Mama njo asaini. Asiposaini, baba akuje kazini. Mutaona nani ataenda Ruziba."

Wanawake walianza kupiga vigelegele kutoka viti vya nyuma. Bwana Léonce akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema jambo hilo litaangaliwa.

Tulirudi kwa miguu. Nilimbeba Faruk. Nilitaka kumshukuru, akanikatiza. "Sikusema juu yako," akasema. "Nilisema juu ya wale mama saba."

Jumatano, 30 Aprili

Tangazo limebandikwa: siku kumi na tano zinabaki, na fomu ina sehemu mpya ya saini, ya mama. Joëlla amenionyesha. Nimeomba picha yangu itolewe ubaoni. Akasema itabaki, lakini amebandika fomu mpya juu yake, imenifunika mpaka puani.

Saa nne asubuhi: "Akuna kitu."

Jumapili, 4 Mei

Nimemsindikiza Geneviève mpaka Ruziba kumbebea ndagala zake. Uthmani akaleta ubao. Nikamwambia nina mzigo.

Jumatano, 7 Mei

Leo simu haikulia.

Saa sita, saa nane, saa tisa. Niliiweka juu ya meza ya stoo, uso juu, nikawa naangalia kioo kuliko magodoro. Betri ipo. Mtandao upo. Saa kumi niliomba ruhusa, nikatoka. Mabasi hakuna. Nimetembea, kisha nimekimbia, mwanaume mzima na ovaroli, mvua usoni, nikiona mshono, bidoni, damu uani.

Alikuwa amekaa mlangoni, Sakina mapajani, Faruk anamwaga maji kwa kopo. Anacheka na Geneviève kuhusu jambo fulani. Akaniona natweta.

"Baba Faruk! Kuna nini?"

"Haukupiga simu."

Akafikiri. Niliona kabisa anatafuta kichwani.

"Oh," akasema. "Nilisahau."

Faruk akaja akanishika suruali kwa mikono yenye matope. Nikakaa chini pale pale kizingitini, na Saliha akanipa Sakina nimshike wakati yeye anaepua chai.